UZI: Sabahattin Ali (1907–1948), mwalimu na mwandishi wa riwaya wa Uturuki, mhariri wa gazeti la tashtiti (kejeli) la Marko Paşa. Nini hasa kilimfikisha mpaka wa Bulgaria, alikouawa?

Mwanamatbaa #1

Wakuu, jina la Sabahattin Ali likitajwa huwa linapewa mstari mmoja tu: mwandishi wa riwaya ya mapenzi aliyeuawa kwa ajili ya siasa. Mstari huo si wa uongo, ila unaruka jambo lenyewe. Huyu bwana hakuangushwa kwa pigo moja. Alizibiwa njia moja baada ya nyingine: ajira ya serikali, matbaa, wauza magazeti, mwisho pasi ya kusafiria. Aliyempiga rungu msituni alimkuta mtu ambaye milango yote ya halali ilikwisha kufungwa. Naweka mlolongo hapa, wenye kujua zaidi waongeze.

Alizaliwa 25 Februari 1907 Eğridere, enzi hizo ndani ya dola ya Osmani. Leo mji huo unaitwa Ardino na uko Bulgaria. Baba yake, Ali Selahattin Bey, alikuwa ofisa wa jeshi, kwa hiyo familia ilihama na kambi: Çanakkale, İzmir, Edremit. Edremit ishikeni, maana ndiko riwaya yake ya kwanza inakosimama. Akasoma chuo cha ualimu Balıkesir, akamalizia Istanbul mwaka 1927, akafundisha Yozgat mwaka mmoja. Mwaka 1928 wizara ya elimu ikampeleka Ujerumani, akakaa Potsdam na Berlin hadi 1930. Kijerumani alichorudi nacho ndicho kilichomlisha kwa miaka 15 iliyofuata, kuliko hata vitabu vyake.

Sasa tazameni kasi ya mambo. Mwaka 1931 yuko Aydın anafundisha Kijerumani: akashitakiwa kueneza ukomunisti, akakaa rumande miezi kadhaa, akaachiwa bila hatia. Mwaka 1932 yuko Konya: ikadaiwa kwamba alisoma mbele za watu shairi la kumkashifu rais wa nchi, Atatürk, na viongozi wenzake. Safari hii alipigwa mwaka mmoja. Alianzia jela ya Konya, kisha Sinop, ile jela iliyo ndani ya ngome ya kale ukingoni mwa Bahari Nyeusi, ambayo ilifungwa 1997 na sasa ni makumbusho. Hakumaliza kifungo. Oktoba 1933 Jamhuri ilitimiza miaka 10, ukatoka msamaha wa jumla, naye akatoka nao.

Mashairi aliyoyaandika Sinop ndiyo Waturuki wengi wanayoyajua kwa moyo bila kuwahi kufungua kitabu chake, kwa sababu baadaye yalitiwa muziki.

---

Bint_Hamadi #2

Asante kwa kuanzisha, Mwanamatbaa. Hapo kwenye kutoka jela pana jambo ambalo wengi hulipita haraka, wengine kwa kumwonea aibu.

Kutoka jela hakukumrudishia kazi. Unga wake ulikwisha kumwagika: mwalimu aliyehukumiwa kwa kumkashifu mkuu wa nchi hana nafasi katika utumishi. Wizara ikamtaka aonyeshe kwamba fikra zake zimebadilika. Akaandika shairi la kumsifu Atatürk, "Benim Aşkım", yaani "Penzi Langu", likatoka kwenye jarida la Varlık tarehe 15 Januari 1934. Baada ya hapo ndipo alipopata kazi Ankara, katika idara ya machapisho ya wizara.

Wanaompenda husema alilazimishwa, wanaomchukia husema alijiuza. Mimi naona tuyasome kama hati. Shairi lile ni cheti cha kurudishia ajira kilichoandikwa kwa vina. Linatuonyesha namna mtumishi wa umma alivyoshikwa: hakutakiwa anyamaze tu, alitakiwa atamke, kwa maandishi, jarida lenye jina, tarehe ijulikane.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya nafuu. Akaoa 1935, binti yake Filiz akazaliwa 1937. Huyo Filiz Ali akaja kuwa mpiga piano na mtaalamu wa muziki. Na vitabu vikamiminika: mashairi 1934, hadithi fupi 1935, 1936 na 1937, kisha riwaya tatu. *Kuyucaklı Yusuf* 1937, *İçimizdeki Şeytan* 1940, *Kürk Mantolu Madonna* 1943. Hiyo ya tatu ilitangulia kutoka kwa mfululizo kwenye gazeti la Hakikat, kuanzia Desemba 1940 hadi Februari 1941.

---

Kalamu Nyeusi #3

Bint_Hamadi ameeleza vizuri. Niongeze kazi yake ya mchana, kwa sababu ndiyo iliyomtia kwenye ugomvi wa 1944.

Tangu 1938 alikuwa kwenye Konservatori ya Taifa mjini Ankara, chuo cha muziki na maigizo. Carl Ebert, mwongozaji wa maigizo na opera aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler, ndiye aliyekuwa akijenga shule ya maigizo pale, na Sabahattin Ali alikuwa mkalimani na msaidizi wake upande wa tamthilia. Jioni alitafsiri kutoka Kijerumani: *Antigone* ya Sophocles, Lessing, hadithi za Kleist na Hoffmann, na *Fontamara* ya Ignazio Silone, riwaya ya wakulima maskini wa Italia chini ya ufashisti. Fontamara kwa Kituruki mwaka 1943, vita vikiendelea, haikuwa kazi ya kujipatia mkate peke yake. Ulikuwa msimamo.

Waziri wa elimu wakati huo alikuwa Hasan Âli Yücel, aliyeanzisha ofisi ya tafsiri mwaka 1940. Wapinzani wa waziri upande wa wazalendo wakali walitafuta pa kumkamatia, na Sabahattin Ali alikuwa mpini ulio tayari mkononi.

---

Mwanamatbaa #4

Hapo hapo. Kesi ya Atsız.

*İçimizdeki Şeytan*, "Shetani Aliye Ndani Yetu" (ndiyo, şeytan ni shetani yuleyule), ina wahusika ambao wazalendo wa Kituran, wanaotaka watu wote wa asili ya Kituruki waungane, walijiona humo kama kwenye kioo. Nihal Atsız, mwandishi wa kundi hilo, akajibu mwaka huohuo 1940 kwa kijitabu chenye kichwa kinachokaribia kulingana, "Mashetani Walio Ndani Yetu". Kisha Machi na Aprili 1944 akachapisha kwenye jarida lake la Orhun barua mbili za wazi kwa waziri mkuu Şükrü Saracoğlu, akiwataja kwa majina watu aliodai ni wakomunisti ndani ya wizara ya elimu. Sabahattin Ali akiwemo, tena akiitwa msaliti wa nchi.

Ali akashitaki kwa kashfa. Kesi ikaanza Ankara 26 Aprili 1944. Siku ya pili ya kusikilizwa, 3 Mei, vijana wakajaa mitaani kumuunga mkono Atsız. Tarehe hiyo bado huadhimishwa na wazalendo wa Uturuki kama siku yao. Tarehe 9 Mei hukumu ikatoka: Atsız miezi 6, ikapunguzwa hadi 4, na utekelezaji ukaahirishwa.

Kwa karatasi Sabahattin Ali alishinda, lakini kwa maisha alishindwa. Baada ya kesi hakuwa tena mwandishi mwenye kazi yake Ankara, alikuwa jina la ugomvi, na ofisi ya serikali haipendi jina la ugomvi hata likiwa na haki. Kufika 1945 ameachana na Konservatori, yuko Istanbul, anaandikia magazeti ya La Turquie na Yeni Dünya.

Tarehe 4 Desemba 1945 umati, wengi wao wanafunzi, ukavamia gazeti la Tan la Sabiha na Zekeriya Sertel. Mitambo ikavunjwavunjwa, karatasi zikatupwa barabarani. Siku hiyohiyo umati ukaenda pia kwa La Turquie na Yeni Dünya na kwenye maduka ya vitabu. Kwa hiyo hata kama mhariri alibaki mzima, palipokuwa panachapisha maneno yake palikuwa chuma chakavu.

---

Mpiga Chapa #5

Nauliza, na nitajibu mwenyewe sehemu: kwa nini basi mwaka mmoja tu baadaye wakaweza kutoa Marko Paşa? Tan imevunjwa Desemba 1945, Marko Paşa toleo la kwanza ni Jumatatu 25 Novemba 1946.

Sababu ni sheria. Sheria ya magazeti ya 1931, namba 1881, ilikuwa na kifungu cha 50 kilichoipa serikali, yaani baraza la mawaziri, mamlaka ya kulifunga gazeti bila kupita mahakamani. Katikati ya 1946, nchi ikiingia mfumo wa vyama vingi, kifungu hicho kikabadilishwa na mamlaka ya kufunga yakaenda mahakamani. Dirisha likawa wazi kidogo. Ila Istanbul yenyewe ilikuwa chini ya utawala wa kijeshi tangu Novemba 1940 hadi Desemba 1947, na kamanda hakuhitaji kifungu cha 50. Marko Paşa ilizaliwa kwenye upenyo huo: mlango wa waziri umeegeshwa, mlango wa kamanda uko wazi.

Waliokuwemo: Sabahattin Ali, Aziz Nesin, Rıfat Ilgaz, na mchora vibonzo Mim Uykusuz. Gazeti la wiki, kurasa 4, tashtiti tupu. Hesabu inayotajwa ya kilele chake ni kama nakala 60,000. Ili mpate picha, mwaka 1945 waliojua kusoma Uturuki hawakuzidi theluthi moja ya watu.

Jina nalo lina kisa. Marko Paşa alikuwa tabibu halisi, Mgiriki wa Osmani, mganga wa ikulu na rais wa kwanza wa Hilali Nyekundu ya Osmani. Sifa yake kubwa ilikuwa kusikiliza wagonjwa bila kuchoka. Ndipo Waturuki wakapata msemo: kamweleze Marko Pasha shida zako. Husemwa kwa mtu ambaye hana wa kumsikiliza. Gazeti likiitwa hivyo, msomaji ameshaelewa kabla hajalifungua.

---

Bint_Hamadi #6

Mpiga Chapa, eleza na namna lilivyokuwa likikwama, maana hapo ndipo watu hawaelewi. Wanadhani serikali ikichukia gazeti inalifunga, basi.

---

Mpiga Chapa #7

Sawa. Nitakwenda kwa hatua, kwa sababu kila hatua ilikuwa na mtego wake.

Kwanza tamko. Anayetaka kutoa gazeti hupeleka tamko la maandishi kwa mkuu wa serikali wa eneo, lenye jina la gazeti, mmiliki, na mhariri anayewajibika. Majina hayo mawili ndiyo yanayochapwa kwenye gazeti lenyewe. Makala isiyo na saini inamwangukia aliyechapwa. Kwa hiyo kwenye gazeti la tashtiti, ambalo nusu ya vipande havina jina la mwandishi, mtu mmoja anabeba kalamu za wote. Sabahattin Ali alikuwa huyo mtu. Kesi za 1947 zilimkuta kwa mlango huo, naye akatumikia miezi 3 jela ya Paşakapısı, Üsküdar.

Pili matbaa. Gazeti dogo halina mtambo wake, linakodi. Baada ya yaliyoikuta Tan kila mwenye matbaa alijua kwamba umati hauulizi mwenye makala ni nani, unavunja chuma kilichopo. Mwenye mtambo akikataa dakika ya mwisho, toleo la wiki limekufa, maana kibonzo cha Jumatatu hii kikitoka Jumatatu ijayo ni uji uliopoa.

Tatu wasambazaji. Wauza magazeti wakiogopa, nakala zinabaki kwenye marobota.

Nne kukusanywa. Amri ikitoka, polisi wanazipitia meza za wauzaji na kuchukua nakala. Hapa hesabu ndiyo inayoua: karatasi umeshalipa, wino umeshalipa, mpangaji wa herufi umeshamlipa, lakini mauzo hakuna, na toleo lijalo linataka fedha mkononi. Gazeti la kila siku linaweza kumeza hasara ya siku moja kati ya 30. La wiki likipoteza toleo moja limepoteza robo ya mwezi. Kinga pekee ni kasi. Nakala iliyo mfukoni mwa msomaji haikusanyiki.

Ndiyo sababu kwenye kichwa cha gazeti waliandika kwamba hutoka pale lisipokuwa limekusanywa na polisi, na safari nyingine kwamba hutoka waandishi wake wasipokuwa jela. Watu huicheka kama mzaha. Ilikuwa ratiba ya kweli.

Tano, jina. Kufungwa kulishika jina la gazeti. Ukipeleka tamko jipya kwa jina jipya, una gazeti jipya mbele ya sheria hata kama ofisi, kalamu na mchoraji ni walewale. Marko Paşa ikizuiwa, 1947 ikatoka Merhumpaşa. Ikizuiwa, Malumpaşa. Kisha Ali Baba, matoleo machache tu.

---

Kalamu Nyeusi #8

Hayo majina Mswahili anayasikia bila mkalimani. Merhum ni marehemu: Marehemu Pasha. Malum ni maalumu kwa maana yake ya asili, yaani anayejulikana: yule Pasha mnayemjua. Gazeti limefungwa, linarudi likijitangaza kuwa maiti. Linafungwa tena, linarudi likisema mnanijua. Kwa msomaji wa Kiingereza maneno hayo yanahitaji maelezo ya chini ya ukurasa. Sisi tumeyapata bure kupitia Kiarabu, kama tulivyopata matbaa, kalamu, kitabu na shetani, maneno ambayo Mturuki naye anayo.

---

Mtafuta Haki #9

Nina swali. Kuna sehemu nimesoma kwamba Aziz Nesin ndiye aliyefungwa kwa ajili ya Marko Paşa, si Sabahattin Ali. Ipi sahihi?

---

Mwanamatbaa #10

Wote wawili walifungwa, kwa mambo tofauti. Kifungo kikubwa cha Nesin cha 1947 kilitokana na kijitabu chake kilichouliza nchi inaelekea wapi, kikipinga msaada wa Marekani uliokuja na sera ya rais wake, Truman. Mahakama ya kijeshi ikampa miezi 10, ikifuatiwa na kuhamishwa kwa lazima Bursa. Cha Sabahattin Ali ni cha gazeti, kama Mpiga Chapa alivyoeleza. Matokeo ni kwamba 1947 gazeti lilikuwa linaendeshwa kwa zamu: huyu ndani, yule nje.

Mwaka huohuo mkusanyo wake wa mwisho wa hadithi, *Sırça Köşk*, ukapigwa marufuku. Hadithi iliyoupa jina inahusu jumba la kioo ambalo watu wanaaminishwa haliwezi kuvunjika. Yaliyomo siyamalizi hapa, mkasome.

---

Mtafuta Haki #11

Asante mkuu. Na kifo? Kuna mkanganyiko mkubwa wa tarehe. Wengine Aprili, wengine Juni, wengine 1949.

---

Bint_Hamadi #12

Mkanganyiko unatokana na kuchanganya siku nne tofauti. Zitenganishe hivi.

Mwanzoni mwa 1948 alikuwa ametoka jela, gazeti limekwisha, hana ajira. Akaingia kwenye uchukuzi kwa lori. Akaomba pasi ya kusafiria, akanyimwa. Ndani ya Paşakapısı alikuwa amefahamiana na watu, na kupitia njia hiyo akaunganishwa na Ali Ertekin, aliyewahi kuwa askari mwenye cheo cha chini, akajulikana kwa kuvusha watu mpakani. Mwisho wa Machi akaondoka Istanbul kwa lori kuelekea Kırklareli. Lori lilikuwa kisingizio kizuri: mchukuzi njiani hahitaji kueleza kwa nini yuko njiani.

Tarehe 2 Aprili 1948: kuuawa, msituni karibu na mpaka wa Bulgaria, kwa kupigwa rungu kichwani. Alikuwa na miaka 41.

Tarehe 16 Juni 1948: mchungaji alikuta mwili. Karibu wiki kumi na moja zimepita, umeharibika, hautambuliki kwa sura.

Mwisho wa Desemba 1948: Ertekin akakamatwa. Januari 1949: magazeti yakatangaza. Kwa hiyo ndugu na marafiki walikaa zaidi ya miezi tisa wakidhani pengine amevuka.

Mahakamani Ertekin alisema alimuua kwa uchungu wa nchi, baada ya kusikia maneno yake njiani. Mahakama ikauchukua uchungu huo kama kichocheo na kumpunguzia: miaka 4, mwaka 1950. Msamaha wa 1950 ukamtoa mapema. Miaka minne kwa roho ya mtu, na hata hiyo minne hakuimaliza.

---

Kalamu Nyeusi #13

Na kaburi hakuna. Hilo lisemwe wazi, kwa sababu kuna picha zinazungushwa mtandaoni zikidai ni kaburi lake. Kuna minara ya kumbukumbu, hakuna kaburi linalojulikana.

Ubishi wa pili ni nani hasa aliyemuua. Maelezo ya mahakama ni Ertekin peke yake, njiani. Maelezo mengine, ambayo Uturuki yanaungwa mkono na watu wengi wazito, ni kwamba alifia mikononi mwa maofisa wakati wa kuhojiwa na kwamba Ertekin alibebeshwa. Mzizi wa shaka ni uhusiano wa Ertekin na idara ya usalama, wepesi wa adhabu, na mwili kupotea baada ya kupatikana. Anayeandika kuhusu kisa hiki aeleze hukumu kama hukumu na shaka kama shaka, asizichanganye kwenye sentensi moja.

---

Mpiga Chapa #14

Kwa wale wanaotaka kuchimba wenyewe, mambo matatu yanayowapotosha watafiti wapya.

Kalenda. Hati za kabla ya 1926 zina mwaka wa Kirumi wa Osmani, ulioanza Machi hadi 1917, kisha Januari tangu 1918. Kanuni: jumlisha 584 kwenye mwaka, lakini kwa Januari na Februari za kabla ya 1918 jumlisha 585, kisha songeza siku 13 mbele kwa tarehe za karne ya 20 zilizo kabla ya Machi 1917. Mfano: 12 Februari 1322 ya Kirumi ni 25 Februari 1907. Ukisahau kwamba Februari ilikuwa mwisho wa mwaka huo, utamzaa 1906.

Herufi. Maandishi yake ya kwanza, kama yale ya jarida la Çağlayan la Balıkesir mwaka 1926, yako kwa hati ya Kiarabu. Sheria ya herufi za Kilatini ilipita 1 Novemba 1928, magazeti yakabadilika 1 Desemba. Anayesoma Kiswahili cha zamani cha hati ya Kiarabu atatambua herufi nyingi, ila asitarajie kusoma papo hapo: irabu za Kituruki ni nane na hati ile haizitoshi.

Utafutaji wa mtandaoni. Kituruki kina i yenye nukta na ı isiyo na nukta, na ni herufi mbili tofauti. Ukiandika Kuyucakli kwa i ya kawaida, mifumo mingine ya maktaba haileti kitu. Jaribu zote mbili. Matamshi: ş ni sh, ç ni ch, c ni j, ğ haisikiki, inarefusha irabu iliyotangulia.

---

Mtafuta Haki #15

Je, mtu akitaka kumtafsiri kwa Kiswahili anaomba ruhusa wapi?

---

Bint_Hamadi #16

Kwa matini ya Kituruki, haombi. Uturuki hakimiliki hudumu miaka 70 baada ya kifo. Amekufa 1948, hivyo tangu 1 Januari 2019 kazi zake ni huru. Tanzania na Kenya ni miaka 50 baada ya kifo, ilikwisha zamani.

Tahadhari mbili. Ukitafsiri kutoka tafsiri ya Kiingereza ya *Kürk Mantolu Madonna*, ile ya Maureen Freely na Alexander Dawe ya 2016, hapo unahitaji ruhusa, kwa kuwa tafsiri ina hakimiliki yake yenyewe. Pili, baada ya 2019 wachapishaji wengi walijitosa, na baadhi ya matoleo yamerahisishwa lugha: maneno ya Kiarabu na Kiajemi yametolewa yakawekwa ya Kituruki kipya. Kwa mfasiri wa Kiswahili hiyo ni hasara mara mbili, maana maneno yaliyotolewa ndiyo mengi yao tunayo. Ukiona kwenye jalada neno *sadeleştirilmiş*, rudisha rafuni.

---

Kalamu Nyeusi #17

Anza na ipi? Naona wengi hukimbilia Madonna kwa umaarufu wake. Mimi ningeanza na *Kuyucaklı Yusuf*. Mji mdogo, mkuu wa wilaya, tajiri mwenye kiwanda, na haki inayokwenda kwa mwenye fedha. Ukishaisoma, Marko Paşa haikushangazi: ni ghadhabu ileile.

Na kwa atakayethubutu kutafsiri Madonna, kichwa chenyewe ni mtihani. Kiambishi -lu cha *mantolu* ni mwenye, kama -lı ya Kuyucaklı ilivyo wa Kuyucak. Manto ni koti la kike. Kürk ndiyo ngumu. Ukisema "koti la manyoya", wasomaji wengi wataona manyoya ya kuku. Kinachosemwa ni ngozi ya mnyama na manyoya yake, vazi la baridi ya Berlin. Mimi hupendelea "Madonna Mwenye Koti la Ngozi ya Manyoya", ingawa ni refu. Na Madonna hapo ni picha ya Bikira Maria: ndani ya riwaya mchoraji Maria Puder amejichora mwenyewe, na picha hiyo inafananishwa na *Madonna delle Arpie* ya Andrea del Sarto. Mfasiri aitafute picha hiyo, aiangalie uso, mabega na namna macho yalivyoinamishwa, kabla hajaandika sentensi ya kwanza ya ukumbi wa maonyesho.